Funguo za Ukumbi wa Nne

Ijumaa, siku tatu kabla usajili wa muhula wa pili haujafunguliwa, Leonia Swai aliunganisha meza mbili za ofisi ya ratiba, akatandaza juu yake karatasi ya manila, na akafungua kopo la maziwa ya unga lililojaa punje. Kahawa zilikuwa kozi za mwaka wa kwanza, maharage mekundu mwaka wa pili, mahindi mwaka wa tatu. Karatasi ilikuwa na mistari ishirini na mmoja, mmoja kwa kila darasa la chuo, na kila mstari ulikatwa vijumba, kimoja kwa kila kipindi cha wiki. Nje mvua za masika zilikuwa zimeanza kunusanusa na mlima haukuonekana tangu Jumanne.

Chuo kilimpa kompyuta yenye mfumo wa kupanga ratiba. Leonia aliuheshimu mfumo huo, lakini aliuendea mwishoni, kama watu wanavyokwenda kwa mwenyekiti wa mtaa kugongewa muhuri jambo ambalo ukoo umeshalimaliza nyumbani. Mfumo ulikuwa na tabia ya kukataa bila kusema kwa nini. Punje hazina makuu. Mbili zikigongana kwenye kijumba kimoja, unaziona, unahamisha moja, maisha yanaendelea.

Kazi hii ni kama aliirithi. Baba yake, Mzee Kalisti, alikuwa mgawa maji wa mfongo mmoja kule Masama kwa miaka thelathini na moja. Mfongo ni mfereji unaoteremka kutoka msituni hadi kwenye migomba na kahawa za watu, na kwa kuwa maji hayajawahi kumtosha kila mtu, kila kihamba, yaani shamba la ukoo, kina zamu yake. Mzee Kalisti alikuwa na kanuni mbili. Ya kwanza, mwaka wa ukame zamu zinaanzia mkiani: waliokosa mwaka jana kule chini ndio wanaofunguliwa kwanza, na wa juu watajua wenyewe. Ya pili, zamu ikishatamkwa mbele ya mwenyewe, hairudishwi, hata kama mgawa maji amegundua amekosea.

Na chuoni ulikuwa ukame wa madarasa. Wanafunzi walikuwa wameongezeka maradufu ndani ya miaka minne, madarasa yakabaki yaleyale. Kwa hiyo Leonia alianzia mkiani. Punje ya kwanza kuiweka ilikuwa hindi moja, Takwimu kwa Walimu, wanafunzi sitini na watatu, kozi iliyoondolewa mwaka jana kwa kukosa darasa na mwaka juzi kwa sababu hiyohiyo. Aliiweka Darasa la Kumi na Mbili, Jumatano saa tisa alasiri.

Kwenye benchi nje ya mlango alikaa mwenye zamu. Mektrida alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Mabogini, mwanamke wa miaka arobaini na sita, mwenye jaruba lake la mpunga na magoti yaliyochoka kwa maji ya jaruba hilo. Alianza kusomea shahada miaka sita iliyopita. Sheria ya chuo ilimpa miaka sita, na muhula huu ndio ulikuwa wa mwisho. Kozi zote alikuwa amezimaliza isipokuwa Takwimu kwa Walimu, na asipoisoma safari hii, usajili wake ungefutwa na miaka yote sita pamoja nao.

"Shikamoo mwalimu," Leonia alimwambia alipotoka kuchota maji ya kunywa.

"Marahaba mwanangu. We endelea na kazi, mimi nasahihisha tu."

Alikuwa na lundo la daftari za darasa la nne mapajani. Hakuja kuomba, na mkononi hakubeba kitu cha kumlainisha mtu. Alikuja kukaa tu, kama wanavyokaa watu wa mwisho wa mfereji, ambao wanajua kwamba maji huwa yanafika yakiona kuna mtu anayasubiri.

Saa sita Daktari Eliufoo aliingia. Alikuwa Mkurugenzi wa Mipango, mtu mnene, mpole, mwenye sauti ya kumfanya kila mtu ajione mgonjwa wake. Aliinama juu ya manila, akaichukua punje ya Takwimu kwa vidole viwili na kuiweka pembeni ya meza.

"Darasa la Kumi na Mbili nalihitaji kwa kozi maalumu," alisema. "Kozi ambayo haitakuwa na darasa mpaka Jumapili jioni, iondoe kwenye mfumo. Wataahirisha."

"Kuna mtu hana muda wa kuahirisha, Daktari."

"Kila mtu ana muda, Leonia. Watu wana haraka tu."

Alitoka akampita Mektrida kwenye benchi, akamwitikia shikamoo ambayo Mektrida hakuitoa. Mlango ulikuwa wazi muda wote, kwa hiyo Mektrida alikuwa amesikia kila neno. Alilamba kidole, akafungua daftari lililofuata.

Leonia alizungusha punje mpaka macho yakamuuma. Alijaribu saa moja asubuhi, alijaribu Jumamosi, alijaribu kukisukuma Kiingereza kiingie maabara ya udongo. Hakuna kilichokubali. Ndipo alipokumbuka kwamba ile mistari ishirini na mmoja hakuihesabu yeye. Alikuwa amehamishiwa Moshi mwezi wa kwanza tu kutoka kituo cha chuo kule Mkuu, Rombo, na manila aliirithi kwa aliyemtangulia. Akaenda kwenye kabati na kulitoa daftari la majengo. Ukurasa wa mwisho, kwa wino wa bluu, palikuwa na jengo ambalo kwenye manila halikuwepo: *Ukumbi wa Nne. Watu mia moja na ishirini. Paa la bati, feni sita, ubao mmoja, milango miwili. Umekamilika na kuzinduliwa.*

Alichukua rula, akachora mstari wa ishirini na mbili. Mstari wote ulikuwa mtupu, Jumatatu hadi Ijumaa, kitu ambacho mpanga ratiba hukiona mara moja maishani. Akaliweka lile hindi Jumatano saa tisa. Kisha akahamishia huko kozi nyingine nne zilizokuwa zimebanana, na karatasi nzima ikapumua. Alipoingiza kwenye kompyuta, mfumo ulifikiri kwa sekunde nne na kuandika: *Hakuna mgongano.* Leonia hakuwahi kuyaona maneno hayo. Alifurahi mno, akatoka nje kabla hata hajakaa vizuri na furaha yake.

"Mwalimu, Takwimu imepata. Jumatano saa tisa, Ukumbi wa Nne."

Mektrida alifunga kalamu yake nyekundu. "Jumatano natoka shuleni saa nane," alisema. "Nafika." Akakusanya daftari, akafuta macho kwa pembe ya kitenge bila kuficha, akaenda zake kutafuta bodaboda.

Jumamosi asubuhi Leonia alikwenda kuuona ukumbi. Hata hilo lilikuwa la baba yake: kabla ya zamu ya kwanza ya mwaka, mgawa maji huutembelea mfongo kwa miguu kutoka juu hadi chini, asije akagawa maji yanayovujia njiani. Alipita maktaba, akapita matangi ya maji, akafika mahali ambapo ramani ya chuo ilimwambia asimame. Palikuwa na nyasi za kufika magotini na mbuzi watatu. Pembe nne za kiwanja zilikuwa na masale, yale majani marefu ya kijani ambayo Wachagga hupanda mpakani na hutoa pale mtu anapotaka neno lake liaminiwe. Mbele palikuwa na jiwe la marumaru lenye jina la Daktari Eliufoo na tarehe ya uzinduzi. Kitu kingine hakikuwepo.

Mlinzi, Mzee Basili, alikuja kutoka kwenye kibanda chake akiwa na daftari kwapani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umefuata funguo?"

"Funguo za nini?"

"Za Ukumbi wa Nne. Mwaka wa tatu huu hajaja mtu kuziomba." Akazitoa mfukoni, mbili, zimefungwa kwa kamba na kibao cha mbao chenye namba nne. "Saini hapa, na hapa."

Leonia hakusaini. Aliuliza, na Basili akaeleza akiwa amesimama, kwa ufupi, kama mtu anayekabidhi zamu kwa mwenzake. Kiwanja kile kilikuwa kihamba cha baba yake. Chuo kilipotaka mahali pa kujenga darasa, mzee alikitoa bure, kwa sababu alikuwa na wajukuu kumi na saba na alitaka wasome karibu. Siku ya kukabidhi aliyapanda masale yale manne kwa mkono wake na kusema mbele ya watu kwamba hapa ni darasa. Lori moja la mchanga lilikuja, likakaa wiki moja, likaondoka na mchanga wake. Baadaye walikuja wageni wenye suti. Utepe ulifungwa kati ya fito mbili, ukakatwa, watu wakapiga makofi, wakanywa soda. Basili alikabidhiwa funguo na akaajiriwa kulinda.

"Na mpaka leo," alisema, na hapa aliinua kidevu kidogo, "halijaibwa hata bati moja."

Leonia alikaa kwenye jiwe la uzinduzi, akampigia baba yake simu. Mzee Kalisti alikuwa anakata majani ya migomba ya ng'ombe. Panga lilisikika.

"Baba, kuna darasa nimelitamka na halipo."

"Umelitamka kwa nani?"

"Kwa mwenyewe. Jana."

Panga lilinyamaza. "Mipaka yake ipo?"

"Ipo. Masale manne. Aliyapanda mwenye ardhi siku ya kutoa neno."

"Yamekauka?"

Leonia aliyaangalia. "Yamestawi, baba. Yananipita kimo."

"Sasa unaniuliza nini?" Mzee Kalisti alisema, na panga likaendelea.

Aliposimama alisaini sehemu zote mbili, akamrudishia Basili funguo azitunze mpaka Jumatano. Kisha akaenda mjini kununua sabuni na mafuta ya taa, kwa sababu ilikuwa Jumamosi.

Jumapili, alipotoka misa ya kwanza, simu iliita. Daktari Eliufoo alikuwa ameiona rasimu.

"Leonia, ule mstari wa ishirini na mbili, uondoe."

"Ukumbi una tatizo, Daktari?"

"Hauna tatizo."

"Au haupo?"

"Nani kasema haupo? Nimeuzindua mimi mwenyewe."

"Basi kozi si zinaweza kukaa?"

Daktari alifikiri. "Ukumbi unapumzishwa," alisema.

Mkataba wa Leonia ulikuwa unaisha mwezi wa sita, na mtu wa kuuongeza au kuuacha ufe ndiye alikuwa upande wa pili wa simu. Aliogopa. Rozari ilimtoka mkononi, akaiokota kwenye tope la kiwanja cha kanisa. Lakini aliiona sura ya Mektrida akifuta macho kwa kitenge, na akalisema lile neno ambalo makarani wa nchi hii hulitunza kwa siku ngumu.

"Sawa, Daktari. Naomba tu nipate maelekezo kwa maandishi, niyaweke kwenye jalada. Kwamba ukumbi usitumike, na sababu yake."

Kengele ya misa ya pili ilianza na ikaisha.

"Nitakuandikia," Daktari alisema.

Leonia alisubiri barua Jumapili yote. Mpaka jua linazama nyuma ya miti ya chuo haikuwa imekuja, na Jumatatu saa mbili kamili asubuhi mfumo ulifunguliwa ukiwa na mistari ishirini na miwili. Sitini na watatu wa Takwimu walijisajili ndani ya dakika ishirini. Mektrida alikuwa wa nne. Mwalimu mkuu wake alimshikia darasa ili akamate mtandao nyuma ya choo cha walimu, mahali pekee unaposhika. Hadi mchana walikuwa mia moja na kumi na wanane, maana wengine nao walikuwa wameikosa kozi hiyo miaka iliyopita na walikwishakata tamaa kimyakimya.

Jumatano mvua ilinyesha kuanzia saa saba, mvua ya masika isiyouliza mtu ana ratiba gani. Saa tisa kasorobo Leonia alikwenda na mwavuli. Wanafunzi walikuwa wamepanga foleni kwenye nyasi, vichwa vimefunikwa mafaili. Mhadhiri, Madamu Salvina, alikuwa amevua viatu na kuvishika mkononi. Basili alikuja, akatafuta ufunguo wa kwanza, akauingiza kwenye mvua kwa kimo cha kiuno, akauzungusha mara mbili. Ulikwama kidogo. Aliusukuma kwa bega.

"Mlango umevimba kwa unyevu," alisema. "Futeni miguu."

Walifuta miguu, wakaingia. Mvua ilikoma kwenye mstari ulionyooka kutoka isale moja hadi nyingine, na ndani palikuwa pakavu na pananuka kidogo kama nyumba iliyofungwa muda mrefu. Walikaa. Kijana mmoja, Shedrack, aliyechelewa kama kawaida yake, alikatisha upande wa mbuzi na kugonga paji la uso. Akazunguka, akaingia mlangoni akiwa na nundu, akaomba radhi kwa kuchelewa.

Shida ya siku hiyo ilikuwa bati. Mvua ilipokaza, ililipiga paa kwa kishindo mpaka Madamu Salvina akanyamaza na kusubiri, kama wanavyosubiri walimu wote wa nchi hii masika ikifika.

"Madamu, piga tu kazi, tunakupata fresh," Shedrack alipaza sauti kutoka nyuma.

Akaendelea. Aliandika fomula ya wastani, na chaki ikabaki mahali alipoiandika, kwenye hewa, nyeupe, na nyuma ya maandishi mbuzi watatu walikuwa wamejibanza chini ya mti. Mektrida alikaa mstari wa mbele. Aliinakili fomula kwa mwandiko wa mwalimu wa darasa la nne, mkubwa na wa duara, akapigia mstari kwa rula. Leonia alimwangalia na kufurahi, akatafuta kiti cha nyuma. Kilikuwa kigumu na mguu mmoja ulikuwa mfupi, kama viti vyote vya zabuni.

Wiki zikapita. Watu waliuzoea ukumbi upesi kuliko walivyozoea kantini mpya. Ilijulikana kwamba feni ya tatu inapiga kelele, kwamba umeme ukikatika mjini feni zote sita zinasimama, na kwamba mlango wa nyuma usiutegemee. Siku za wazi, somo likiwa gumu, wanafunzi waliuangalia Kibo kupitia ukutani, na Madamu Salvina alilazimika kuwaambia wageuze macho. Wafagiaji waliomba mtu wa ziada kwa sababu ya tope, na wakanyimwa, kama wanavyonyimwa kila mwaka.

Wiki ya tano Daktari Eliufoo alikuja kujionea. Aliingia kwa heshima kupitia mlangoni, akasalimia, akakaa kiti cha mbele jirani na Mektrida. Mvua ilikuwa inanyesha, na ilimnyeshea. Haikumgusa mwingine. Ilishuka juu ya kipara chake, ikateremka kwenye koti, ikajaa kwenye viatu, ikaelekea upande wa meza ya Madamu Salvina, mpaka Basili akaleta ndoo na tambara. Mektrida aliusogeza mkoba wake usilowe. Hakuna aliyesema kitu, maana ni mkubwa, na si adabu kumwambia mkubwa kwamba amelowa. Safari iliyofuata alikuja na mwavuli, akaufungua ndani ya ukumbi, na chini ya mwavuli huo akatoa maneno machache ya kuishukuru menejimenti kwa maono yake.

Mwezi wa tano walikuja wakaguzi. Walikaa kwenye viti, walihesabu feni kwa kuinua macho, wakafika sita, wakaandika kwamba ukumbi upo na unatumika ipasavyo. Daktari aliwasindikiza hadi kwenye gari akiwa mkavu, kwa kuwa kulikuwa na jua.

Hapo ndipo Leonia alipoumia. Alikuwa ameliweka hindi moja mahali pake ili mtu mmoja apate zamu, na hindi hilo sasa lilikuwa limefunika mchanga uliorudi na lori. Alikaa akaandika barua ya kurasa mbili, kwa adabu zote, akieleza kwamba Ukumbi wa Nne haujawahi kujengwa. Aliambatisha picha ya nyasi. Barua ilipanda ngazi zote hadi juu na kurudi baada ya wiki tatu ikiwa na muhuri na maneno ya wino mwekundu: *Ukumbi unatumika kwa mujibu wa ratiba. Rejea ratiba iliyosainiwa na L. Swai. Jalada lifungwe.*

Alimwonyesha Basili. Basili aliisoma taratibu, mpaka kwenye muhuri.

"Hata mimi niliandika, mwaka ule wa kwanza," alisema. "Walinijibu kwamba kama ukumbi haupo, basi na kazi yangu haipo."

"Ukafanyaje?"

"Nikaendelea kulinda. Wangekuja watoto siku moja, wangekuta umefungwa na mwenye funguo hayupo?"

Mwezi wa sita mkataba wa Leonia uliongezwa mwaka mmoja, kwa sababu ratiba yake ndiyo ya kwanza kutokuwa na mgongano hata mmoja. Mitihani ilifanyikia Ukumbi wa Nne, ambako ni vigumu kuibia kwa kuwa unaonekana kutoka pande zote. Mektrida alipata B. Jina lake liliingia kwenye orodha ya wahitimu, ukurasa wa pili, katikati, na alikuja kuliangalia ubaoni mara tatu kwa siku tatu tofauti. Katika mwezi huohuo Daktari Eliufoo alipandishwa kuwa Naibu Mkuu wa Chuo, Mipango na Ujenzi. Alifanyiwa sherehe ndogo yenye mbuzi wa kuchoma. Alikuwa mtu mpole na watu walimpongeza kwa moyo.

Oktoba, siku chache kabla usajili wa mwaka mpya haujafunguliwa, manila ilikuwa mezani tena na kopo lilikuwa wazi. Mektrida aligonga mlango. Alikuwa na furushi la mchele mpya wa Mabogini kichwani, na safari hii hakukaa kwenye benchi.

"Huu si wa kuomba kitu," alisema akiutua. "Nimeshapata nilichotaka. Huu ni wa kula."

"Asante, mwalimu. Karibu kiti."

Alikaa. Aliangalia punje zilivyopangwa, akatabasamu.

"Binti yangu Dainess kachaguliwa hapa, mwaka wa kwanza," alisema. "Darasa atapata, nakuamini. Ila hana pa kulala. Vyumba vya mtaani nimeviona, havina komeo, na wenye nyumba wanaingia wanavyotaka. Sitamweka mwanangu mahali kama hapo."

Leonia alikwenda kabatini, akalitoa daftari la majengo. Wino wa ukurasa wa mwisho ulikuwa bado unang'aa. *Hosteli ya Wasichana. Ghorofa mbili, vitanda mia mbili, maji ya moto. Imekamilika na kuzinduliwa.* Alikuwa ameshaitembelea Jumamosi, kwa miguu, kuanzia juu hadi chini. Nyuma ya uwanja wa mpira palikuwa na nyasi, fito mbili na kipande cha utepe. Masale hayakuwepo.

Alifungua dirisha, akamwita Mzee Basili.

"Kule nyuma ya uwanja wa mpira nako kulikuwa kwa baba yako?"

"Mpaka kwenye korongo."

"Alisemaje kuhusu pale?"

"Alisema ikipatikana nafasi, wasichana wajengewe pa kulala. Alikufa kabla ya kupanda." Basili aliwaza kidogo. "Lakini neno aliniachia mimi. Mimi ndiye mwanawe wa kwanza. Naweza kupanda."

Aliondoka bila haraka kuelekea nyumbani kwake. Leonia aliketi, akachora mstari mpya chini ya manila, mrefu, akaukata vijumba mia mbili vidogo. Alijua barua atakayoiandika baada ya wakaguzi kupita, na alijua itarudi na muhuri gani, na alijua ataiandika tu. Akachukua punje moja ya kahawa.

"Ghorofa ya pili," alimwambia Mektrida, akitamka polepole ili isirudishwe. "Kitanda cha kumi na nne, dirisha la kuangalia mlima."

Mektrida aliangalia nje, upande wa uwanja wa mpira, ambako Basili alikuwa tayari anarudi na mashina manne ya isale begani na rundo kubwa la funguo likimning'inia kiunoni. Alimwangalia akichomeka shina la kwanza na kulishindilia kwa kisigino.

"Ghorofani kuna baridi," alisema. "Nitampa lile blanketi zito."